Nahau ya Mvamizi: Al-Jabarti na Wafaransa Mjini Kairo, 1798–1801

Majeshi ya Ufaransa yaliposhuka Iskandaria mwanzoni mwa Julai 1798, yakiongozwa na Jenerali Bonaparte, yalitanguliza karatasi. Tangazo la Kiarabu lilikuwa limekwisha kupigwa chapa merikebuni. Lilianza kwa Bismillahi, likawaambia Wamisri kwamba Wafaransa hawakuja kuipiga vita dini yao bali kuwaondoa Wamamluki waliowadhulumu, na kwamba wao Wafaransa nao ni Waislamu wa kweli.

Miongoni mwa waliolisoma Kairo alikuwa Sheikh Abdurrahman al-Jabarti, aliyezaliwa mwaka 1753. Hakuwa askari wala mtawala. Wazee wake walitoka Jabart, katika Pembe ya Afrika, na kwa vizazi kadhaa waliwasimamia wanafunzi wa asili hiyo katika Al-Azhar. Baba yake, Hasan, alisifika kwa elimu ya hesabu na falaki. Mtu wa malezi hayo hupokeaje karatasi ya adui? Al-Jabarti aliisahihisha, neno baada ya neno, kama mwalimu aliyeletewa insha ya mwanafunzi mzembe.

Ni rahisi kumcheka mwanachuoni anayehesabu makosa ya nahau ilhali mizinga imo njiani. Lakini kwake yeye Kiarabu fasaha ni chombo cha Kurani na cha sheria, na anayedai udugu katika dini hupimwa kwanza kwa namna anavyokibeba chombo hicho. Mahali tangazo liliposema kwamba Wafaransa ni Waislamu, mfasiri aliandika “muslimin” palipotakiwa “muslimun”. Yaani jina aliliweka katika hali iitwayo “nasb”. Al-Jabarti hakuliachia hapo. “Nasb” ina maana ya ulaghai pia, naye akaonyesha kwamba ndiyo sifa ya Uislamu wao. Kosa la irabu moja likawa ushahidi wa uwongo wa dola nzima.

Kisha akaipima itikadi yenyewe. Wafaransa wanakanusha kwamba Mungu ana mwana, hivyo hawako pamoja na Wakristo. Hawamkiri Mtume, hivyo hawako pamoja na Waislamu. Nao wamebomoa makanisa na kuua mapadri. Mwenye kukubaliana na kila dini kwa ulimi hana hata moja. Uchambuzi huu unastahili kuhesabiwa miongoni mwa majibu makali kabisa aliyopata kuandikiwa Bonaparte, na uliandikwa na mtu asiye na silaha.

Kairo ilitwaliwa Julai 24. Katika kitabu chake cha kwanza, kinachohusu miezi ya mwanzo ya uvamizi, al-Jabarti anaandika mengi yanayomchukiza, kubwa na dogo, hata desturi ya wageni hao kukanyaga mazulia ya thamani kwa viatu. Anasimulia jinsi Bonaparte alivyomvika Sheikh al-Sharqawi kitambaa cha rangi tatu za Ufaransa, naye sheikh akakitupa chini. Hata hivyo, kalamu iyo hiyo inasifu maktaba ya Wafaransa, ambamo hata askari wa vyeo vya chini walikaa wakisoma, na mgeni Mwislamu alikaribishwa na kuonyeshwa vitabu vya michoro. Majaribio ya kemia yalimstaajabisha, wala hakuona haya kukiri hivyo.

Watu wa Kairo walipoasi mnamo Oktoba 1798, Al-Azhar ilipigwa mizinga. Farasi waliingizwa msikitini na vitabu vikatupwa na kukanyagwa. Haya anayaeleza kwa uchungu mkubwa. Lakini anawalaumu pia waasi walioingia nyumba za Wakristo, na za majirani zao Waislamu, wakapora.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja baadaye. Bonaparte aliondoka Agosti 1799, na Juni 14, 1800, mrithi wake Kléber akauawa kwa jambia na Sulayman, kijana wa Halab. Wafaransa walimhukumu mbele ya mahakama, wakamchoma mkono na kumtundika juu ya kigingi. Watatu walioijua siri yake walikatwa vichwa. Kumbukumbu za kesi zilichapwa kwa Kifaransa, Kituruki na Kiarabu. Chini ya Jenerali Menou, aliyesilimu na kujiita Abdallah, al-Jabarti mwenyewe aliingia katika baraza la maulamaa.

Mwaka 1801 Wafaransa walitolewa na majeshi ya Waturuki na Waingereza. Upesi al-Jabarti akatunga kitabu cha pili, akakitunuku kwa waziri mkuu wa Kituruki; laana zimezidi na sifa zimepungua. Aliyekaa katika baraza la adui alikuwa na sababu ya kujitakasa. Kumwita mnafiki, hata hivyo, ni kusahau kwamba hakuna aliyemlazimisha kuandika mara ya tatu.

Katika tarikhi yake kubwa, Ajaib al-Athar, alirudi kwenye mambo yale yale bila mlinzi wa kumpendeza. Humo aliingiza kumbukumbu zote za kesi ya Sulayman. Anasema alifikiria kuziacha kwa urefu wake na kwa ubovu wa Kiarabu chake. Sikio lake lilikuwa lile lile la mwaka 1798. Safari hii hakusahihisha, alinakili. Alitaka msomaji aone jinsi watu wasiofuata dini yoyote walivyomkamata muuaji na jambia lenye damu, wasimuue papo hapo, bali wakamhoji na kumhukumu. Kisha akawataja askari waliokuja baada yao, waliojiita Waislamu na wapiganaji wa jihadi, ambao waliua watu bila kesi. Nahau mbovu iliyofichua ulaghai katika tangazo haikumzuia kuona haki ilipopatikana ndani ya nahau mbovu nyingine.

Mizani hiyo hiyo aliitumia kwa Muhammad Ali, aliyeshika Misri kuanzia 1805, na mtawala huyo hakuipenda. Al-Jabarti alifariki mnamo 1825. Ajaib al-Athar ilikatazwa, na chapa yake kamili haikutoka Bulaq mpaka 1879–80.