Kifurushi na Njia ya Kwamsisi

Mtu akaaye ugenini hujifunza upesi kwamba dunia haikufupika kwa kipimo kimoja kwa watu wote. Mwaka 2014, nilipokuwa Ulaya nikisomea shahada ya udaktari, nilimpelekea mama yangu miwani huko Kwamsisi, katika nchi ya Wazigua. Kampuni iliniahidi siku sita. Baada ya wiki saba kifurushi kilinirudia, nacho kimeandikwa kwamba anwani haikutimia: hapana mtaa, wala nambari ya nyumba. Barua zangu zilifika kwa sanduku la posta la shule, lakini kampuni haikukubali sanduku. Mama naye, kwa uhaba wa macho, alisomewa barua hizo na watoto wa jirani, na siri zetu zikawa za kijiji kizima.

Kwanza nilidhani kuwa ni uzembe wa watu wachache. Historia ikanifunza vingine. Mwaka 1874 mataifa yaliyokutana Bern yalipatana kuhesabu nchi zao kuwa eneo moja la posta. Mapatano ya vifurushi yakafuata mwaka 1880. Pwani kwetu, Wajerumani walifungua posta Bagamoyo na Dar es Salaam mwaka 1890. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na mwaka 1963 njia ya Mnyusi na Ruvu iliiunganisha na Reli ya Kati.

Lakini stesheni si mlango wa mtu. Posta yetu ilizoea kuimaliza safari kwenye sanduku, na sanduku moja la shule, misheni au duka liliwatosha watu wengi. Toka hapo barua ilikwenda mkononi mwa mwalimu au msafiri, aliyemjua mwenyewe kwa jina la baba yake na la ukoo wake. Jina ndilo lililokuwa anwani.

Kampuni za vifurushi vya haraka zilikuja na desturi nyingine, ya mlango kwa mlango, nayo yataka mlango wenye nambari. Hapana ubaya katika hilo. Ubaya ni kudhani kwamba asiye na nambari hajulikani. Mwaka 2022 serikali ilifanya kazi kubwa ya kuandika anwani za makazi nchini, nasi hatuna budi kuisifu. Walakini kibao hakibebi mzigo. Lazima awepo mtu wa kuufikisha, naye apate ujira wake.

Miwani ile ilikwenda mwishowe na mwanafunzi mwenzangu aliyerudi nyumbani likizo. Alimkabidhi kondakta wa basi, na kondakta akauliza njiani jina moja tu. Mwezi uliofuata nilipata barua ya mwandiko wa mama mwenyewe: “Mwanangu, sasa waweza kuniandikia yote.”