Kutoka kinu cha Thuringia hadi malambo ya Singida

Mwaka 1911, katika kinu kimoja cha unga jimboni Thuringia, Ujerumani, viwavi wa nondo wa unga walikutwa wakifa bila mtu kuwawekea sumu. Mtafiti Ernst Berliner, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, aliwachunguza viwavi hao na kumpata ndani yao bakteria ambaye mwaka 1915 alimpa jina la jimbo lile: Bacillus thuringiensis. Kumbe huko Japani, Shigetane Ishiwata alikuwa ameshakutana naye tangu 1901, akiteketeza viwavi wa hariri. Kwa wafugaji wa hariri alikuwa balaa. Kwa wenye vinu na mashamba akaja kuwa mkombozi.

Leo anajulikana kwa kifupi kama Bt, na hupatikana kwenye udongo wa pande nyingi za dunia. Lakini ilichukua miongo kadhaa kujua anauaje. Katika miaka ya 1950 watafiti walibaini kwamba bakteria huyu anapojifungia katika chembe yake ngumu ya kuvumilia ukame na njaa, hutengeneza pembeni yake fuwele ndogo ya protini. Kiwavi akila jani lenye fuwele hiyo, tumbo lake lenye magadi huiyeyusha, vimeng'enya vikaikata, nayo ikatoboa ukuta wa utumbo. Saa chache baadaye kiwavi anaacha kula. Kufa hufa baada ya siku mbili au tatu.

Hapo ndipo wakulima wengi hukata tamaa. Mtu amepuliza dawa ya Bt jioni, asubuhi anakuta viwavi bado wako kwenye majani, anaona ameuziwa maji. Wapo kweli, ila hawali tena. Tumbo la binadamu lina asidi badala ya magadi, wala halina mahali pa fuwele hiyo kushika, ndiyo maana haitudhuru kama inavyomdhuru kiwavi.

Dawa ya kwanza ya kuuzwa iliyotokana na Bt, Sporéine, ilitoka Ufaransa mwaka 1938. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba bakteria huyu ni adui wa viwavi tu. Kisha mwaka 1976, katika jangwa la Negev nchini Israeli, watafiti walikuta dimbwi dogo lililojaa viluwiluwi wa mbu waliokufa. Leonard Goldberg na Joel Margalit wakamtenga humo Bt wa aina nyingine, aliyeitwa israelensis, anayeua viluwiluwi wa mbu na wa inzi weusi wanaoeneza usubi. Haikupita miaka mingi akaitwa kazini Afrika Magharibi. Inzi weusi wa huko walikuwa wameanza kuizoea dawa ya kemikali iliyomwagwa mitoni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpango wa kudhibiti usubi ukaanza kumtumia bakteria wa Negev.

Kwetu Tanzania aliitwa kazini Dar es Salaam. Machi 2006, mpango wa jiji wa kudhibiti malaria ulianza kumtumia katika kata tatu, na baadaye kata zikaongezeka hadi 15. Kazi ilifanywa na wakazi wenyewe: kila mmoja alipewa eneo lake, akalizunguka mtaa kwa mtaa akitafuta maji yaliyotuama, kwenye mitaro, mashimo ya matofali na matuta ya mchicha, akiweka dawa kila wiki. Walifundishwa kumtambua adui kwa macho. Kiluwiluwi wa Anopheles, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Wa Culex huning'inia kichwa chini. Uchambuzi wa takwimu za miaka ile ulikuja kuonyesha kwamba uwezekano wa mtu kukutwa na vimelea vya malaria ulikuwa chini kwa takriban asilimia 21 katika maeneo yaliyowekewa dawa.

Kisha kikaja kiwanda. Julai 2015 Rais Jakaya Kikwete alizindua Kibaha kiwanda cha viuadudu cha Tanzania Biotech Products, kilicho chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, kwa utaalamu wa Labiofam ya Cuba. Uwezo wake ni lita milioni 6 kwa mwaka. Kilianza na dawa mbili za viluwiluwi wa mbu, Bactivec inayotokana na Bt wa Negev, na Griselesf inayotokana na jamaa yake, Bacillus sphaericus. Kwa nchi iliyozoea kuagiza dawa za viluwiluwi kutoka nje, hii ilikuwa hatua kubwa, na naiandika kwa fahari.

Lakini dawa haikutoka ghalani kama ilivyotarajiwa. Juni 2017 Rais John Magufuli alikitembelea kiwanda, akakuta shehena haina mnunuzi, akaagiza halmashauri zote nchini zikachukue dawa. Agizo hilo lilizihusu za Singida kama lilivyozihusu nyingine.

Na Singida ndiyo hasa ninayotaka kuizungumzia. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa ya viluwiluwi itumike pale mazalia ya mbu yalipo machache, yanapokaa mahali pamoja na yanapoonekana kwa urahisi. Tafuta mkoa unaofanana na maelezo hayo. Hapa mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, halafu kiangazi kirefu. Ikifika Agosti, maji yaliyobaki katika vijiji vingi vya Ikungi, Manyoni au Mkalama ni lambo la ng'ombe, visima vya mchangani na bwawa moja moja, na kila mchungaji anayajua yote. Singida pia ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo, kwa hiyo mapambano ya huku ni ya kumaliza kabisa, si ya kupunguza tu. Kwa maoni yangu, dawa ile iliufaa mkoa huu kuliko Dar es Salaam yenye maelfu ya mitaro.

Shambani nako bakteria wa udongoni wameshaingia, mara nyingi bila mkulima kuambiwa. Viwavijeshi vamizi walipotua nchini mwaka 2017, mojawapo ya dawa zilizokimbiliwa kwenye maduka ya pembejeo ni emamektini. Asili yake ni bakteria wa jamii ya Streptomyces ambaye mtafiti Satoshi Ōmura alimchota kwenye udongo wa Kawana, Japani. Ukoo huo huo ndio uliotoa ivermektini, dawa ya usubi, na kumpa Ōmura Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Jamii ya Streptomyces ndiyo hasa inayotoa ile harufu ya ardhi tunayoisikia mvua ya kwanza ikigusa vumbi la Singida.

Kwa upande wa kuvu, Elizabeth Hazen na Rachel Brown wa Marekani walitangaza mwaka 1950 dawa waliyoipata kwa Streptomyces wa udongo wa shamba moja huko Virginia. Ni nistatini, matone yale ambayo mama hupewa kliniki mtoto anapokuwa na utando mweupe mdomoni. Kwa sumukuvu, sumu ya kuvu wanaoota kwenye mazao, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, jirani kabisa na mkoa huu, bakteria hajawa jibu: Aflasafe iliyosajiliwa nchini mwaka 2018 ni kuvu asiye na sumu anayemfukuza mwenzake shambani.

Mkulima utakayenunua Bt, puliza jioni kwa sababu jua huiharibu, na puliza viwavi wakiwa bado wadogo. Na madiwani wa Singida watakapoketi kupitisha bajeti, waulizeni mambo mawili: fungu la dawa ya viluwiluwi ni shilingi ngapi, na katika kila kijiji nani amepewa jina na posho ya kulizungukia lambo kila wiki. Kibaha ni mwendo wa siku moja kwa lori.