Falsafa ya Ulemavu (Unguja)

Falsafa ya ulemavu ni tawi la fikra linalochunguza maana ya ulemavu, chanzo chake na wajibu wa jamii kwa wenye ulemavu. Nadharia yake mashuhuri, iliyochipuka Uingereza katika miaka ya 1970, hutenganisha hitilafu, yaani upungufu wa kiungo au hisi, na ulemavu, ambao ni vizuizi vinavyowekwa na jamii yenyewe. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar hoja hiyo huonekana kwa macho, kwani mtumiaji wa kiti cha magurudumu hukwamishwa na vizingiti, ngazi za mwinuko mkali na baraza za mawe zinazobana vichochoro, wala si miguu yake. Hata hivyo nadharia hiyo haielezi vya kutosha maumivu ya mwili. Fikra za kuuona ulemavu kama vizuizi vya jamii zilipata sauti visiwani kupitia Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar (UWZ), ulioanzishwa mwaka 1985 na kuongozwa na watu wenye ulemavu wenyewe, jambo lililosaidia kuhamisha mjadala kutoka kwenye sadaka hadi kwenye haki. Baadaye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar lilipitisha sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, ambayo ilifuatiwa na sheria mpya mwaka 2022.