Chuo Kilizaa, Mtaa Ukalea: Kandanda Kati ya Kiungani na Chukwani

Ukitoka mjini Unguja kwenda kusini unapita Mnazi Mmoja na Kilimani, unaiacha Mbweni upande wa baharini, ndipo unafika Chukwani. Huko Sultani Seyyid Barghash bin Said alikuwa na kasri la mapumziko, na mwaka 1879 akaamua kutandika reli ya maili saba kutoka mjini hadi hapo. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na baghala, baadaye kikaletwa kichwa cha gari moshi kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Barghash alifariki 1888, reli ikang'olewa. Habari hiyo husimuliwa mara kwa mara, na inastahili. Lakini katika ukanda huohuo wa pwani, miaka hiyohiyo, kilianza kitu kingine ambacho hakijang'olewa mpaka leo.

Kiungani palikuwa na Chuo cha Mtakatifu Andrea cha UMCA, Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Misheni yenyewe ilizaliwa vyuoni: David Livingstone alihutubia Cambridge mwaka 1857, na watu wa Oxford, Cambridge, Durham na Dublin wakaitikia. Askofu Tozer akaihamishia Unguja mwaka 1864. Wanafunzi wa mwanzo hawakupelekwa na wazazi wao. Walikuwa watoto waliokutwa ndani ya majahazi ya watumwa, na watano wa kwanza Tozer alikabidhiwa na Sultani Seyyid Majid. A. C. Madan alikusanya simulizi za vijana wa chuo hicho akazichapa mwaka 1887 katika kitabu alichokiita Kiungani. Humo Wayao, Wanyasa na wengineo wanaeleza walivyotekwa, wakauzwa, wakauzwa tena, mpaka wakaiona bahari. Vijana wa chuo hicho ndio waliopewa mpira katika miaka ya 1870. Waingereza wa kampuni ya telegrafu, ambayo waya wake wa chini ya bahari ulifika Unguja mwishoni mwa 1879, nao walicheza. Ila hao walikuwa wakijiburudisha wao kwa wao. Kiungani mpira ulikuwa sehemu ya malezi.

Hapana ajabu. Wanafunzi wa Cambridge ndio walioandika kanuni za mchezo huu mwaka 1848, miaka kumi na tano kabla ya chama cha London kuandika zake. Walimu waliokuja Unguja walikulia katika imani kwamba uwanja hufunza utii, subira na kuvumilia kushindwa. Mimi naona vijana wale walipata zaidi ya hayo. Mtoto aliyepotezewa ukoo, asiye na mjomba wala shangazi wa kumtaja, hapo alipata watu kumi wa kumwita kwa jina na kumdai pasi.

Marekani nako mpira ulianzia chuoni. Tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers na Princeton zilikutana New Brunswick, wachezaji ishirini na watano kila upande. Vijana wa Rutgers walijifunga vitambaa vyekundu kichwani mithili ya vilemba, wakashinda 6 kwa 4. Kuukimbiza mpira ukiwa mkononi kulikatazwa, kwa hiyo mtu wa mitaa ya Unguja kama Malindi au Ng'ambo angeuelewa mchezo ule kuliko huu wanaouita futiboli leo. Kubeba na kukabana vilikuja baadaye, na mambo yakawa makali hata Rais Theodore Roosevelt akawaita wakuu wa michezo wa Harvard, Yale na Princeton mwaka 1905, baada ya vijana kufa viwanjani. Mchezo ulibadilika, lakini haukutoka mikononi mwa vyuo. Harvard ilijenga uwanja wa zege mwaka 1903. Leo uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan hukalisha watu zaidi ya laki moja, na mji mzima huhesabu mwaka wake kwa msimu wa timu ya chuo.

Unguja haikwenda hivyo. Chuo cha Kiungani kilikuwa kidogo, cha Kikristo, katika mji wa Kiislamu. Watoto wa Malindi au Vikokotoni hawakuwa na njia ya kukiita chao. Wahitimu walitawanyika, wengine wakawa walimu huko bara, Magila na Masasi, na katika miaka ya 1920 chuo chenyewe kikahamia Minaki, Tanganyika. Mpira ulibaki kwa sababu mji ulikwisha kuuchukua. Pale Mnazi Mmoja, ambapo Wazungu walikuwa na gofu na kriketi yao, vijana wa mitaani walicheza miguu mitupu baada ya sala ya alasiri, na magharibi ikiingia mechi lazima iwe imekwisha. Chama cha mpira kiliundwa 1926, na mwaka 1949 Zanzibar ikaingia Kombe la Gossage pamoja na Kenya, Uganda na Tanganyika. Uwanja wa Amaan ulipofunguliwa 1970, mashabiki walikwenda kushangilia klabu za mitaa na za vikosi. Chuo hakikuwa na upande wake jukwaani.

Skuli zilipata nafasi yao kwa mlango mwingine: Mzee Karume alitangaza elimu bure tarehe 23 Septemba 1964, na tamasha la Elimu Bila Malipo huadhimisha siku hiyo kwa michezo ya wanafunzi. Vyuo vikuu vilichelewa zaidi. Cha Chukwani kilianza 1998 kama chuo cha elimu, kwa msaada wa taasisi ya Kuwait, na sasa kina jina la Dk. Abdulrahman Al-Sumait. Mpira unachezwa, na shida za kumpata mchezaji ni zilezile za kila chuo visiwani: kijana mwenye kipaji huwa ameshasajiliwa na klabu ya mtaani kwao kabla hajajaza fomu ya kujiunga na chuo. Mwalimu wa michezo akimtaka Jumamosi, hana budi kwenda kumwomba kwa kocha wa klabu, na kocha ataangalia ratiba ya ligi kwanza.