Kipaji na Ada ya Kazi katika Utunzi wa Nyimbo: Mfano wa Siti binti Saad

Utangulizi

Swali ambalo wanafunzi wa fasihi huliuliza mara kwa mara ni hili: wimbo hutoka wapi? Jibu lililozoeleka ni kwamba mtunzi huzaliwa na kipaji, na wimbo humjia wenyewe. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini likiachwa peke yake lina madhara mawili. Humkatisha tamaa anayetaka kujifunza, na humzuia mtafiti kuiona kazi iliyomo ndani ya utunzi. Katika mhadhara huu nitaonyesha, kwa kutumia historia ya taarabu ya Unguja, kwamba kipaji huzaa pale kinapotunzwa kwa ada ya kazi.

Kutoka Fumba hadi Ng'ambo

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika ukoo wa wafinyanzi. Hakupata elimu ya shule. Alichuuza vyungu akivinadi kwa sauti, na kazi hiyo ikawa mazoezi yake ya kwanza ya pumzi na matamshi. Alihamia mjini mwaka 1911, akafundishwa uimbaji na Muhsin Ali, aliyekuwa mwanachama wa Ikhwani Safaa, chama cha muziki kilichoundwa mwaka 1905. Wakati huo taarabu ilikuwa sanaa ya kasri na ya waungwana, nayo iliimbwa zaidi kwa Kiarabu. Siti na wenzake waliiimba kwa Kiswahili na kuifikisha kwa wakazi wa Ng'ambo.

Ada tatu

Ada ya kwanza ilikuwa kusikiliza. Nyumba ya Siti ilikuwa baraza ya jioni. Majirani walileta habari za mtaani na za mahakamani, na wanamuziki wakazichambua pamoja nao. Wimbo wa "Kijiti", kwa mfano, ulitokana na mauaji ya mwanamke ambaye muuaji wake alitoroka. Kisa hicho hakikumshukia mtunzi kutoka mbinguni. Kilikuwa kikizungumzwa na mji mzima. Kazi ya watunzi ilikuwa kuyapa uchungu na maswali ya wananchi umbo litakalodumu.

Ada ya pili ilikuwa kuhifadhi. Hapa mwanaisimu ana la kusema. Beti za taarabu aghalabu huwa na mishororo mitatu, na kila mshororo huwa na vipande viwili vyenye mizani iliyopimwa na vina vinavyorudiwa. Kwa msanii asiyetegemea karatasi, vina na mizani si mapambo tu, bali ni ghala la kumbukumbu. Neno likikosewa, ulimi hujikwaa, na kosa hujulikana papo hapo. Kurudiarudia kulikuwa ndiyo namna ya kuhariri.

Ada ya tatu ilikuwa kukosoana. Siti hakufanya kazi peke yake. Miongoni mwa wenzake walikuwamo Maalim Shaaban, Subeit bin Ambar na Mbaruk Effandi, nao walishirikiana katika kutunga na kupiga. Kwa hiyo, tunapouliza "Nani alitunga wimbo huu?" huenda swali lenyewe lina kasoro, kwa kuwa linadhani kwamba kila wimbo una baba mmoja.

Matunda yake

Mwaka 1928 kikundi hicho kilikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Mwaka huohuo mkutano wa Mombasa uliafiki Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Maofisa walikuwa wakiichagua lahaja hiyo kwa maandishi, na sahani za Siti zikaisambaza kwa masikio. Historia ya lugha yetu ikiandikwa kwa kufuata kamati pekee, itamwacha nje mwanamke huyu na baraza lake.

Hitimisho

Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake katika *Wasifu wa Siti binti Saad*, naye alistahili heshima hiyo. Hata hivyo, tukimsifu kwa kipaji tu, tunampunja, kwa sababu tunaifuta kazi aliyoifanya jioni baada ya jioni. Kwa mtafiti, funzo ni kwamba achunguze mazingira ya utunzi sambamba na matini. Kwa kijana anayesubiri wimbo umjie, wahenga walikwisha kumjibu: mtaka cha mvunguni sharti ainame.