Pini namba 7

Wasee, leo historia ya waya. Mwaka wa 1970 Range Rover ilitoka ikisukuma magurudumu yote manne muda wote, na kufunga difu ya katikati ilikuwa kazi ya dereva. Yeye ndiye aliamua.

Miaka 20 baadaye, kwa Land Cruiser 80, Toyota wakaweka rilei: ukiingiza tu gia ya nguvu, difu inajifunga. Kwa matope ni poa. Lakini ukikata kona kali kwa mwamba mkavu, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kuzunguka kwa kasi tofauti. Difu ikiwa imefungwa, gari inakaza na vyuma vinaumia.

Ndio wenye magari wakachomoa pini namba 7 kwa hiyo rilei. Wale wa Marekani, ambao gari zao zilikuja bila swichi kwa dashibodi, wakaongeza swichi pia.

Wengine wanasema huko ni kumharibia injinia kazi. Mimi naona ni kumrudishia dereva uamuzi wa 1970. Ila uamuzi ni mzigo: ukisahau kubonyeza, nguvu itapotelea kwa gurudumu lililo hewani. Kwa hivyo swichi kwanza, pini baadaye.