Zamu ya Kusema

Redio ya mkononi, ambayo walinzi na mabaharia wetu wamezoea kuiita redio koli, imejengwa juu ya adabu ambayo washairi waliijua kabla yake: anayesema hasikii, na anayesikia hasemi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipojibizana kwa beti na washairi wa Lamu, shairi lilivuka bahari, likasikizwa hadi tamati, ndipo jibu likatungwa. Chombo hiki nacho hutuma na kupokea kwa masafa yale yale. Kitufe cha ubavuni kikibonyezwa, sikio lake huziba. Kikiachiwa, mdomo wake hufumba.

Nasaba yake si ndefu. Mwaka 1937 Donald Hings alitengeneza huko Canada redio ya kubebeka, kwa ajili ya marubani na watu wa migodi waliofanya kazi nyikani. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyokitia chombo mkononi. Kampuni ya Galvin ya Chicago, iliyokuja kuitwa Motorola mwaka 1947, iliwaundia askari wa Marekani redio iliyoitwa SCR-536, yenye uzito wa kilo 2 na ushei. Haikuwa na swichi ya kuwashia: antena ikivutwa nje redio huamka, ikirudishwa ndani hulala. Ilikuwa na njia moja tu, na sauti yake ilifika kiasi cha maili 1 nchi kavu, juu ya maji maili 3. Ndugu yake mkubwa, SCR-300, alibebwa mgongoni, naye alikuwa na jambo jipya: kizuia mvumo, ambacho mafundi hukiita skwelchi.

Skwelchi ni bawabu. Hufunga spika pasipo na mtu anayesema, ili msikilizaji asichoshwe na mvumo wa hewa, na huifungua mawimbi yenye nguvu ya kutosha yanapowasili. Mtumiaji mwerevu huizungusha mpaka mvumo unyamaze, akakomea papo hapo. Akiikaza zaidi hupata utulivu mzuri, lakini sauti dhaifu ya mtu wa mbali haitapita tena mlangoni, na aghalabu wa mbali ndiye mwenye shida.

Hatari kubwa zaidi imo katika kitufe. Wawili wakibonyeza pamoja, hakuna hata mmoja kati yao atakayejua kwamba mwenzake naye anasema. Katika redio za baharini, sauti yenye nguvu humeza iliyo dhaifu. Katika redio za ndege, zinazofuata kanuni hiyo hiyo ya zamu, sauti mbili hugongana zikazaa mluzi. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ukungu ulikuwa umetanda na ndege ya KLM ilikwisha kuanza kukimbia bila ruhusa ya kuruka. Mnara ukaiambia isubiri. Wakati ule ule rubani wa Pan Am akasema kwamba wao wangali njiani, katika barabara ile ile ya kurukia. Maneno yote mawili yangaliweza kuwaokoa. Waliokuwa katika chumba cha marubani wa KLM walisikia mluzi wa sekunde chache. Watu 583 walikufa.

Ndiyo maana ya lile neno “ova”, ambalo wengi hulitamka kwa madaha ya sinema: nimekwisha, zamu ni yako. “Auti” ni kuaga, jibu halitarajiwi. Anayeyaunganisha mawili hayo humkaribisha mgeni huku akifunga mlango.

Baharini, njia ya 16, yaani megahezi 156.8, ndiyo ya kuitana na ya kuomba msaada. Kitufe kilichokwama chini ya mto wa kiti mashuani chaweza kuiziba njia hiyo kwa wote walio karibu, na mwenye redio asisikie anayelalamika. Kwa sababu hiyo redio nyingi za leo zina saa ya ndani: dakika zilizowekwa zikiisha, chombo huacha kutuma chenyewe, hata kama kidole hakijaondoka.